Goli la Upande wa Bomba

Ijumaa ile, kabla jua halijapanda, Chokaa alikuta vicheko jikoni. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa ameshika kikombe cha chai huku mabega yakimtikisika. Baba yake, fundi mwashi, alikuwa anacheka shingo upande, kama mtu anayetaniwa na hana la kujitetea.

"Mwulize baba yako jana kajenga nini," mama alisema.

"Nimejenga kozi tatu za matofali," baba alijibu.

"Na umebomoa ngapi?"

"Tatu."

Mama aliangua kicheko upya, na Chokaa naye alicheka mpaka chai ikampalia. Kumbe baba, alipomaliza mstari wa tatu wa matofali, aligundua kwamba pembe ya ukuta imekimbia kwa vidole viwili. Akabomoa yote aliyojenga tangu asubuhi. Siku nzima ya kazi ikaenda na maji.

"Vidole viwili tu, baba! Nani angeona?"

"Mimi," alisema baba, akaendelea kufuta mwiko wake kwa kitambaa.

Chokaa aliliona hilo kuwa jibu la mtu mkaidi. Alimaliza chai yake, akajitwika begi lake, akatoka mbio.

Chokaa halikuwa jina lake, msije mkadhani. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini hata mwalimu mkuu alishalisahau. Alipewa jina hilo kwa sababu kwa miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa akichora mistari ya uwanja wa shule kwa chokaa. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, kucha nyeupe, na siku za upepo hata kope zake zilikuwa nyeupe kama za bibi kizee. Alikuwa na miaka kumi na tatu, alicheza kiungo, na penalti zote za timu alizipiga yeye.

Kazi ya mistari aliipata kwa sababu ya kamba. Ilikuwa kamba nene ya katani aliyopewa na baba yake, yenye mafundo yaliyopimwa kwa futi, ile tepu ya chuma inayojikunja yenyewe. Kwenye kila fundo mama alikuwa amefunga kipande cha kitambaa. Cha bluu kilikuwa cha eneo la hatari. Chekundu kilikuwa cha alama ya penalti, mita kumi na moja kamili kutoka mstari wa goli. Siku alipomkabidhi, baba alimwonya neno moja tu: "Kamba ikikatika ukaiunga, si kamba ile tena. Ipime upya kabla hujaitumia."

Wiki ile kazi ya mistari haikuwa ya mchezo. Mashindano ya kanda ya wasichana walio chini ya miaka kumi na tano yalikuwa yanafanyika shuleni kwao Jumamosi na Jumapili. Timu nane zilikuwa zinakuja, na bingwa angekwenda kucheza mashindano ya taifa. Hakuna msichana wa shule yao aliyewahi kufika huko. Madarasa yalishaondolewa madawati ili wageni wapate pa kulala.

Ijumaa jioni Chokaa alikuwa amebakiza alama moja tu, ya penalti kwenye goli la upande wa bomba la maji. Goli la upande wa ofisi lilikuwa tayari. Msaidizi wake alikuwa rafiki yake Gundi, kipa wa timu, aliyeitwa hivyo kwa sababu mpira ukigusa mikono yake hautoki. Gundi alishika ncha moja kwenye mstari wa goli, Chokaa akavuta upande wa pili. Kamba ikanasa kwenye ndoano ya nyavu. Badala ya kwenda kuinasua, Chokaa aliivuta kwa pupa. Kamba ikakatika katikati.

"Haya sasa," Gundi alisema.

Mahali ilipokatika palikuwa pamechakaa, nyuzi zimesambaa kama ufagio. Chokaa aliukata ule uchakavu kwa wembe wa penseli, akaunga ncha mbili kwa fundo kubwa. Wakati huohuo sauti ya Kocha ikasikika kutoka varandani: "Jezi! Jezi zimefika! Anayewahi anachagua!"

Chokaa alikuwa ameota jezi namba kumi tangu darasa la nne.

"Hutapima kamba upya?" Gundi aliuliza. "Futi iko ofisini."

"Aa, imepungua kidogo tu. Vuta hapo!"

Akamwaga chokaa penye kitambaa chekundu, akakanyaga ili ishike, akatimua mbio. Jezi namba kumi aliipata. Aliivaa juu ya sare ya shule, akaenda nayo nyumbani, na mama alilazimika kumbembeleza aivue wakati wa kuoga.

Jumamosi watu walijaa. Waamuzi walizunguka uwanja, wakavutavuta nyavu, wakatazama mistari iliyonyooka vizuri, wakaridhika. Hakuna aliyepima. Asubuhi wenyeji walishinda mechi yao ya kwanza mabao matatu kwa moja, na saa kumi jioni wakaingia kwenye nusu fainali.

Wapinzani wao walikuwa timu kutoka mbali, na nahodha wao alikuwa binti mrefu sana, miguu mpaka kwapani. Watazamaji walikwishambatiza Ngongoti, kama wale wacheza ngoma wanaotembea juu ya miti mirefu. Alicheza vizuri, huyo mtoto! Dakika ya kumi timu yake ilipata penalti kwenye goli la upande wa ofisi. Ngongoti akaweka mpira, akarudi nyuma, akapiga. Mpira uligonga mwamba wa juu ukaenda zake barabarani. Ngongoti alijishika kichwa akasimama pale kama nguzo mpaka mwenzake alipokwenda kumvuta mkono.

Haikupita robo saa, beki wao akamkwatua Chokaa kwenye goli la upande wa bomba. Filimbi. Penalti!

Chokaa alikuwa na desturi yake. Kabla ya kupiga penalti, aliuchukua mpira, akasimama kwenye mstari wa boksi dogo la kipa, akatembea hadi kwenye alama akihesabu hatua. Zilikuwa nane siku zote, mvua au jua. Hesabu ile ilimtuliza moyo. Basi akaanza: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba.

Alikuwa amesimama juu ya alama.

Alitazama goli, akaliona limekuwa kubwa na kipa yuko karibu. Alijua papo hapo ni nini. Ni kamba, ni lile fundo, ni mbio za jezi. Angeweza kumwita mwamuzi, ambaye alikuwa hatua tatu tu kutoka pale. Lakini uwanja mzima ulikuwa unaimba, "Cho-kaa! Cho-kaa!" na midomo yake haikufunguka. Aliweka mpira chini. Akapiga. Mpira ukatulia kwenye pembe ya chini, na kipa hata hajaruka.

Mechi iliisha kwa bao hilo moja. Wenzake walimbeba juu juu. Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Chokaa alitabasamu. Kutoka juu ya mabega ya wenzake alimwona Ngongoti amekaa chini katikati ya uwanja, amejifunika uso kwa jezi.

Walipokuwa wananawa bombani, alimnong'oneza Gundi.

"Ile alama iko karibu. Nimehesabu saba."

Gundi alitazama huku na huku, akamvuta pembeni. "Wewe, funga mdomo! Nani atajua? Kesho asubuhi njoo mapema uifute, uchore nyingine. Basi, yamekwisha."

"Lakini Ngongoti alipiga kutoka mbali, na mimi..."

"Ngongoti alikosa mwenyewe. Uliushika wewe mguu wake?"

Maneno ya Gundi yalikuwa matamu, na Chokaa aliondoka nayo. Hata hivyo chakula hakikupita. Mama alimgusa paji la uso akidhani ana homa.

Jumapili kulipopambazuka alichukua futi ya baba ukutani. Baba, aliyekuwa anafunga viatu, alimtazama.

"Unapima nini Jumapili?"

"Kitu fulani tu, baba."

"Haya," alisema baba, asiulize zaidi.

Uwanjani kulikuwa na umande. Chokaa alibeba futi, ndoo ndogo ya chokaa na jembe la kufutia. Mpango wake ulikuwa ni wa Gundi: kufuta, kuchora, kunyamaza. Lakini kabla hajafika kwenye goli la bomba alisikia mpira ukigonga. Puu! Kimya. Puu! Kwenye goli la upande wa ofisi Ngongoti alikuwa peke yake, anapiga penalti, anakwenda kuufuata mpira, anarudi, anapiga tena. Soksi zake zilikuwa zimelowa mpaka magotini.

Alipomwona Chokaa, alikuja na mpira kwapani.

"Umerauka," Chokaa alisema.

"Sikupata usingizi. Kocha wetu hanilaumu, lakini jana wakati wa chakula hakuna aliyekaa karibu nami. Na nyumbani, mdogo wangu alishawatangazia watu wote kwamba dada yake anakwenda taifa." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hebu niambie, wewe unafanyaje? Jana ulipiga kama unasukuma mlango ulio wazi."

"Chagua pembe kabla hujaweka mpira chini," Chokaa alisema polepole. "Halafu usimtazame kipa tena. Ukimtazama, unabadili mawazo."

"Pembe kwanza. Kipa simtazami." Ngongoti alikariri kama mwanafunzi mwema. "Asante sana, ndugu yangu. Unapima uwanja? Lete nikushikie upande mmoja."

Akanyoosha mkono.

Loo, mkono ule! Chokaa aliutazama. Angeweza kusema hapana, asante, nitamaliza mwenyewe. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini msichana huyu alikuwa amemwita ndugu yangu, na alikuwa anajifunza asubuhi na mapema kurekebisha kosa lake, kumbe kushindwa kwao hakukutokana na kosa lake peke yake.

"Shika hapa, kwenye mstari wa goli," Chokaa alisema walipofika kwenye goli la bomba. Akavuta futi mpaka kwenye alama nyeupe ya upande wa bomba, akachuchumaa, akasoma kwa sauti ili asipate nafasi ya kujificha. "Mita kumi na sentimita kumi."

"Kumi?" Ngongoti aliinua uso. "Si ni kumi na moja?"

"Ni kumi na moja. Ile ya kwako, upande wa ofisi, ni kumi na moja kamili. Hii niliichora baada ya kamba kukatika, sikuipima upya. Nilikuwa nawahi jezi."

Ngongoti aliachia ncha ya futi. Ikajikunja yenyewe kwa kasi mpaka mkononi mwa Chokaa.

"Ulijua jana?"

"Nilijua kabla sijapiga."

Chokaa alingoja tusi, au kofi, na aliona vyote viwili ni haki yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye hakuyafuta.

"Sasa mbona unaniambia mimi?" Ngongoti aliuliza mwishowe.

"Kwa sababu ni wewe uliyekuwa unapiga mpira peke yako."

Ngongoti aliokota ndoo ya chokaa. "Twende kwa kocha wako. Ukienda peke yako utarudia njiani."

Kocha alikuwa mwalimu wa sayansi, mwanamke asiyepandisha sauti hata timu inapofungwa mabao sita. Alisikiliza yote. Kisha akakaa juu ya meza, jambo alilowakataza wanafunzi wote kulifanya.

"Unajua maana ya haya, Chokaa? Huenda leo tusicheze fainali."

"Najua, mwalimu."

"Na wenzako watasema nini?"

"Watanichukia."

"Kwa siku mbili tatu, ndiyo," Kocha alisema. Akasimama. "Haya, twende kwa mratibu kabla sijaanza na mimi kufikiria kunyamaza."

Mratibu wa mashindano, mama mmoja mwenye faili kwapani na miwani juu ya kichwa, alikwenda kupima mwenyewe. Alipima mara tatu. Akawaita makocha na waamuzi, wakajadiliana karibu na bomba, huku timu mbili zikisimama mbalimbali. Hatimaye alitoa uamuzi: alama irekebishwe, penalti ya Chokaa irudiwe. Akifunga, matokeo ya jana yabaki. Akikosa, mechi ihesabiwe sare, na timu zipigiane penalti tano tano palepale.

"Umetuuza!" Gundi alimwambia Chokaa. "Mimi rafiki yako nilikuambia!"

"Uliniambia," Chokaa alikubali.

Baba alikuwa amefika, na nguo zake safi za Jumapili. Alisikia habari kwa mratibu. Alipiga goti kwenye mstari wa goli, akaishika ncha ya futi, na Chokaa akavuta upande wa pili mpaka mita kumi na moja kamili. Akachora alama. Duara likatoka zuri.

Hakukuwa na nyimbo safari hii, ni kunguru wawili tu juu ya mwamba wa goli. Chokaa alihesabu hatua zake. Zilikuwa nane. Alichagua pembe, akapiga vizuri kabisa, na kipa wa wageni, ambaye sasa alikuwa na nafasi ya kuona mpira unakuja, akaruka akaupangua kwa ncha za vidole.

Penalti zikaanza. Chokaa alifunga ya kwake. Mwenzake mmoja akapiga nguzo. Ikafika ya mwisho ya wageni, ambao walikuwa hawajakosa hata moja, na mpigaji akawa Ngongoti. Chokaa aliona midomo yake ikinong'ona kitu kabla hajaweka mpira chini. Hakumtazama Gundi hata mara moja. Gundi aliruka kushoto, mpira ukaingia kulia.

Timu ya wageni ilikwenda fainali. Wasichana wa shule yao walilia, na wengine hawakumsemesha Chokaa mpaka mchana, walipocheza mechi ya mshindi wa tatu wakashinda mabao mawili. Bao la pili lilitokana na pasi yake. Gundi alikimbia uwanja mzima kuja kumkumbatia, kisha akakumbuka kwamba amenuna, akamwachia. Wote wawili wakacheka.

Kabla ya fainali mwamuzi aliwaita manahodha wawili. Baada ya yaliyotokea, alisema, angependa alama zote mbili zipimwe mbele ya macho yao.

"Sisi tunataka zipimwe," alisema nahodha wa timu nyingine, na hakuwa na kosa.

"Na ninyi?"

Ngongoti alitazama kando ya uwanja, ambako Chokaa alikuwa amekaa na ndoo yake. "Pimeni tu," alisema. "Mimi sina haja. Aliyechora namjua."

Walipima. Zilikuwa mita kumi na moja, huku na huku, bila kuzidi wala kupungua.

Chokaa aliyasikia maneno yale. Baba alikuwa amekaa kando yake kwenye matofali, anaikunja ile kamba iliyokatika.

"Jana waliliimba jina langu uwanja mzima, baba," Chokaa alisema. "Mbona sikufurahi kama sasa?"

"Kwa sababu jana ulikuwa unajua kitu ambacho wao hawakijui," baba alijibu. "Sikiliza, mwanangu. Kukosea kipimo si dhambi. Mimi nimekosea mara nyingi kuliko umri wako. Lakini ulipohesabu ile hatua ya saba ukanyamaza, hapo ndipo ulipoacha kukosea ukaanza kudanganya. Ungesema palepale, ingekugharimu aibu ya dakika moja. Umengoja, imekugharimu usiku mmoja, fainali, na machozi ya watoto wa watu. Kesho unaweza kungoja zaidi ukalipa zaidi. Ukigundua umekosea, bomoa mapema, ukuta ukiwa bado mfupi."

"Na kamba?"

"Kamba tutaitengeneza jioni. Utaipima wewe."

Mama alifika na sindano yake ya kushonea ingali imechomekwa begani, akajibanza kati yao. Aliwatazama wote wawili, mwashi na binti yake, wenye chokaa mpaka kwenye nyusi, akatikisa kichwa.

"Jamani ninyi watu! Hatua moja tu. Nani angeona?"

Baba alifungua mdomo, lakini Chokaa alimwahi.

"Mimi," alisema.